Picha za zamani ziliniokolea titi

Sikuwa na uvimbe wala maumivu, na kila niliyemwambia naenda kupigwa picha ya matiti alinijibu kwamba ugonjwa usiouma hautafutwi. Ushauri mbovu kabisa! Mamografia, yaani hiyo picha ya eksirei ya matiti, huona kitu kabla kidole hakijakigusa. Palipo na huduma kamili, Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 50 hadi 69 wapimwe kila baada ya miaka 2, na mimi nimo humo.

Nilibeba picha zangu za nyuma. Daktari wa picha aliziweka sambamba na mpya: za zamani safi, mpya ina vidoa vya chokaa vimejikusanya pamoja, vidogo kama punje za chumvi. Kwa kuwa vilikuwa vimezuka karibuni, hakuniambia nisubiri miezi 6. Chokaa ya namna hiyo huweza kuwa dalili ya saratani, kwa hiyo alitaka kinyama kitolewe kwa sindano kikapimwe.

Wakaanza na altrasaundi, wakatafuta weee, hakuna kitu. Shoga yangu akasema basi mshukuru Mungu urudi nyumbani, tena sindano huisambaza saratani. Mpaka leo maneno hayo yananiudhi, maana chokaa ndogo namna ile mara nyingi altrasaundi haiioni. Nikapangiwa sindano inayoongozwa na mamografia yenyewe. Titi linabanwa, mashine inapiga picha kwa pembe mbili na kukokotoa kina, ndipo sindano inaingia. Vinyama vilivyotoka vikapigwa picha papo hapo kuhakikisha chokaa imo. Imo! Wakaacha kialama cha chuma ndani, daktari wa upasuaji ajue pa kulenga. (Siku ya picha usipake dawa ya kwapa wala poda, chembe zake huweza kuonekana kama chokaa.)

Jibu: saratani ingali ndani ya mirija ya maziwa, hatua sifuri. Daktari hakunificha kwamba si zote za aina hii huenea, na wapo wanaotibiwa kitu ambacho kisingewadhuru maishani. Lakini yangu ilikuwa ya daraja la juu, yaani seli zake ni za aina iliyo kali zaidi, nikachagua upasuaji. Wakatoa sehemu ile tu, nikapata mionzi, kemo sikuihitaji.

Ukiitwa tena baada ya picha, usikimbie. Wengi wanaoitwa hawakutwi na saratani. Dada yangu nimemwambia amweleze daktari wake kuhusu ugonjwa wangu, kwa sababu ratiba yake ya kupimwa huenda ikabadilika.