Taa ya kibuyu: jaribio la tatu

Jumamosi, usiku

Kibuyu cha tatu nimemaliza kukitoboa leo. Vitundu 214. Nimevihesabu kwa sababu binti yangu aliuliza, na ukishaulizwa na mtoto huna pa kukimbilia. Drili hainisumbui tena. Kinachonisumbua ni cha kuweka ndani, maana vibuyu viwili vya mwanzo vyote viliniangusha hapo.

Cha kwanza nilikitia kamba ya taa za kizamani, balbu ndogo 50 zenye uzi ndani. Zilipendeza kwa nusu saa. Halafu chumba kikaanza kunuka kama majani makavu yaliyosogezwa karibu na moto. Nikachomoa plagi, nikamulika tochi mdomoni mwa kibuyu: kila balbu ilipogusa ukuta pameacha doa la hudhurungi, dogo kama punje ya hindi. Kamba ya namna hiyo hula wati 20 hivi, na karibu zote hutoka kama joto. Ikiwa imening'inizwa dirishani, joto linapotelea hewani. Ndani ya kibuyu halina pa kwenda. Na kulikuwa na balbu tatu zilizokufa, nikazipuuza. Balbu hizo zimefuatana kwenye njia moja ya umeme, kwa hiyo zikifa baadhi na nyingine zikaendelea kuwaka, zilizo hai hugawana mzigo wa marehemu na kuzidi kuchemka.

Cha pili nikahamia LED, zile za kuchomeka ukutani. Joto likaisha, ujinga ukabaki. Kamba ilikuwa ndefu mno, nikashika mkasi nikate taa kumi za mwisho, nikijiambia LED moja hutumia kama volti 3 tu, itanifanya nini? (Plagi ilikuwa nje, namshukuru Mungu.) Taa moja ni volti 3, sawa, lakini waya wenyewe umebeba umeme wa ukutani, na ganda likichunika popote unaugusa huohuo. Isitoshe, ukipunguza taa, zilizobaki zinasukumiwa umeme uleule hadi ziungue. Mkasi nikauweka chini, kamba nzima nikaisokomeza ndani. Nilipoitoa siku ya pili nikaona shaba inang'aa: ukingo wa tundu ulikuwa umelimenya ganda la waya. Sikuhangaika na tepu. Ilikwenda pipani.

Jumapili

Safari hii ni kamba ya USB, volti 5. Adapta inabaki ukutani, haiingii kibuyuni kamwe.

Betri nilizifikiria. Zile bapa kama vifungo vya shati sizitaki nyumbani, mdogo wake binti yangu bado anatia kila kitu kinywani, na betri ya hivyo ikikwama kooni inaweza kuchoma nyama kwa ndani katika muda wa saa 2. Betri tatu za AA zingefaa, ila kisanduku chake hakipiti mdomoni, na kikining'inia nje taa inaonekana kama mgonjwa wa dripu.

Waya wa kamba hizi ni shaba nyembamba iliyopakwa vanishi, basi. Kwa volti 5 haukupigi shoti, lakini ukichubuka na nyaya mbili zikagusana, bado unapata moto. Kwa hiyo tundu la chini nimelipiga msasa mpaka kidole kikapita bila kukwaruzwa, nikalivika pete ya mpira. Kwa ndani nimeupiga fundo ule waya mnene unaokwenda kwenye adapta, ili mtu akijikwaa avute fundo, asivute maungio ya taa. Kamba yenyewe sikuifumbata kama uzi wa kushonea. Nimeizungusha kwa nafasi kwenye kijiti kilichosimama katikati.

Imewaka kwa muda wa saa 4, nami nikiwa nimekaa hapohapo. Kipimajoto: chumbani nyuzi 27, ndani ya kibuyu 29. Adapta vuguvugu tu.

Kimebaki kitako, kinayumba. Kifuniko cha mdomo sitakigundisha, kitakaa kwa kubanwa, nisije nikalazimika kupasua kibuyu siku taa zitakapokufa.