Akaunti ilifungwa, imeli zikaniokoa
Jamani mwaka jana akaunti yangu ya biashara ilifungwa ghafla, wafuasi wote niliowakusanya kwa miaka wakapotea usiku mmoja, nikabaki nimeshika simu tu. Kilichoniokoa ni kaorodha kadogo ka imeli za wateja nilikokuwa nakapuuza, manake niliwaandikia siku hiyohiyo na oda zikaendelea kuingia.

Toka hapo siposti tu na kusubiri laiki. Kila Jumatatu natuma jarida kwa imeli, halafu nachomoa kipande kimoja kitamu naposti Instagram na Facebook, linki ya kujisajili iko kwenye bio, na maswali ya kwenye komenti ndo yananipa mada ya wiki inayofuata (watu wanauliza vitu ambavyo peke yako huwezi kuviwaza aisee).

Ila imeli ya mtu usiichukue bila ruhusa, utaishia kwenye spamu. Na zile asilimia za waliofungua imeli msiziamini sana, tangu 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua yenyewe picha za ndani ya imeli (ndo zinazotumika kuhesabu waliofungua) hata kama mtu hajafungua, so inahesabika kasoma. Mi siku hizi naangalia waliobonyeza linki na waliojibu, basi.