Mashine ya kurendia: feni au maji, nimeshaamua

Haya wakuu, mrejesho: nilikuwa nasumbuka nipoze prosesa (ubongo wa kompyuta) kwa feni au kwa maji. Prosesa yangu ni Ryzen 7 5800X na tatizo ni hili, nikiipa kazi ya Blender (programu ya kurendi, yaani kutengeneza picha za 3D) inagonga nyuzi 90 ambazo ndo kikomo chake, inajipunguzia spidi yenyewe afu kazi inalala mpaka asubuhi. Niko Dar, chumba hakina AC, mchana ndani ni 31, kwa hiyo ufunge feni ya bei gani hushuki chini ya hiyo 31, na maji nayo hivohivo maana rejeta (sehemu ya kupozea hayo maji) inapulizwa na upepo uleule wa chumbani. Wengi wanadhani maji yanaleta ubaridi. Hapana, yanahamisha joto tu.

Kilichonifanya niamue ni hiki. 5800X ikikazwa inakula mpaka wati 142, na kori zote 8 (sehemu zinazofanya kazi) zimebanana kwenye kipande cha kama milimita 81 za mraba, ukucha wa dole gumba ni mkubwa kuliko hicho. Kazi ngumu ni kulitoa joto kwenye kipande hicho, kulipuliza nje ni rahisi, ndo maana kwa chip hii rejeta ya milimita 240 haiachi mbali hitsinki nzuri ya mnara (kipoozeo cha mapezi ya chuma kinachopulizwa na feni). Na yale mabomba ya shaba ya hitsinki yana maji kidogo ndani, yanageuka mvuke upande wa moto, yanapoa juu kwenye mapezi, yanarudi yenyewe bila pampu.

Pampu ndo roho ya mfumo wa maji. Ikifa, mara nyingi unanunua seti nzima uanze kusubiri mzigo, feni ya milimita 120 ikifa nashuka Kariakoo jioni hiyohiyo. Ingekuwa prosesa ya Intel Core i9-14900K ya wati 253 ningeenda maji bila kujiuliza.

Basi nimefunga hitsinki ya Thermalright Peerless Assassin 120 SE, mabomba 6, feni 2. Urefu wake milimita 155 na kesi yangu (kasha la kompyuta) inaishia 160 kwahiyo pimeni kwanza kabla ya kulipa. Feni ya mbele ilikuwa inagusa ramu nikaipandisha kidogo kwenye klipu zake, ikakaa. Skrubu nilikaza kwa zamu, huku kidogo kule kidogo, ili pesti ya kupitisha joto isambae sawasawa.

Matokeo: chumba 31, Blender full, inatulia 83 na spidi haishuki tena. Nikaiweka Eko Modi (hali ya kubana umeme) ya wati 65 kwenye bayosi (mipangilio ya msingi ya kompyuta), ikaja 67, kazi inachelewa kidogo tu na kelele karibu hakuna, usiku nitaiacha hivo.

Kinachofuata ni vumbi. Barabara yetu ni ya udongo, likichanganyika na unyevu wa pwani linaganda kwenye mapezi kama tope, kwahiyo wiki hii nafunga chujio mbele ya kesi na feni moja ya kutolea nyuma, afu napima tena.