Bawa la Kushoto

Fataki za ndege yetu ya kupunguza mvua ya mawe zilikuwa 24, kila bawa 12, na kuzifunga ilikuwa kazi yangu. Kila moja ni bomba la karatasi ngumu lenye gramu 150 za mchanganyiko wa kuwaka, na ndani ya mchanganyiko huo mna iodidi ya fedha. Unazipachika kwenye fremu nyuma ya bawa, unaunganisha nyaya, kisha fremu nzima inaingia kwenye plagi moja inayopeleka umeme kutoka kwenye swichi zilizo mbele ya kiti cha kulia. Kiti hicho nacho kilikuwa changu. Nilikuwa na miaka 26, mwaka wa pili kazini, na nilikuwa nimeshazoea. Hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

Kutwa nzima tulikaa kivulini tukisubiri. Watu hudhani kazi hii ni kuruka. Kazi hii ni kusubiri. Kapteni alikuwa amelala chali kwenye benchi, akinisimulia kwa mara ya ishirini habari za Vincent Schaefer, Mmarekani aliyemwaga barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyogandishwa, kutoka kwenye ndege Novemba 1946, wingu likaanza kudondosha theluji mbele ya macho yake. Sifa zote alimpa Schaefer. Mimi nilimpenda zaidi mwenzake wa maabara, Bernard Vonnegut, aliyegundua mwezi huohuo kwamba iodidi ya fedha inaweza kazi ileile. Bila yeye nisingekuwa na fataki za kufunga.

Saa kumi jioni mtu wa rada akapiga simu. Kilele cha wingu kilikuwa kimepita kilomita 12 na bado kinapanda.

Tulikwenda chini ya kitako cha wingu, upande usio na mvua, hewa inakoingilia. Kutoka chini kitako hicho ni cheusi na bapa kama dari. Kapteni alipunguza nguvu za injini, ndege ikaendelea kupanda. Akapunguza tena, bado tunapanda. Wingu linakunyonya, na ndiyo maana tunalifuata hapo, maana chochote utakachokiachia kitabebwa juu hadi kwenye baridi. Huko juu kuna maji yaliyopoa hadi nyuzi 10 chini ya sifuri na bado ni maji, yanakosa tu cha kushikamana nacho ili yagande. Chembe ya iodidi ya fedha imejipanga karibu sawa na barafu, basi maji yanadanganyika na kuganda juu yake. Ukimwaga chembe nyingi, vipande vingi vya barafu vinagombea maji yaleyale. Sahani moja watu mia, hakuna anayeshiba. Vikibaki vidogo vinayeyuka njiani na kufika chini vikiwa mvua. Ndivyo inavyotarajiwa.

"Washa."

Nikabonyeza ya kwanza kulia. Mwanga wa rangi ya machungwa ukawaka nyuma ya bawa, moshi ukavutwa kama uzi. Nikabonyeza ya kwanza kushoto.

"Washa ya kushoto."

"Nimewasha, Kapteni."

Akachungulia upande wake. "Hujawasha."

Nikabonyeza ya pili, ya tatu, zote 12. Giza. Tukazunguka na bawa moja, fataki baada ya fataki, kila moja dakika nne hivi. Katika mzunguko wa mwisho jiwe dogo liligonga kioo cha mbele, ko, kama mtoto amerusha kokoto, na kule mashambani tukaona pazia jeupe limeshuka. Mvua ya kawaida haina weupe ule.

Tulipotua nilikimbilia bawani na tochi. Plagi ilikuwa imeingia, ila haikuingia yote. Palibaki nafasi ya unene wa ukucha. Asubuhi nilikuwa nimeisukuma mpaka ikakwama, sikungoja ilie. Nilikaa na siri hiyo kama saa moja hivi, nikifuta masizi ya bawa la kulia, kisha nikamwambia. Kapteni hakufoka. "Kesho sukuma mpaka ilie," alisema, akaenda zake, nami ningependa zaidi angefoka.

Usiku sikulala vizuri. Je, 12 zile zingebadilisha nini? Waswisi walijaribu kwa roketi misimu mitano ya kiangazi, 1977 hadi 1981, siku za kurusha na za kuacha zikipatikana kwa kura. Walipohesabu hawakuona mawe yamepungua. Nilikuwa nimeyasoma hayo kabla ya kuomba kazi, na kazi niliiomba vilevile.

Kesho yake akaja mzee mmoja na kopo lenye kifuniko. Ndani, kwenye kitambaa, mlikuwa na jiwe la barafu alilolihifadhi kwenye friji. Nikalipasua kwa kisu. Lilikuwa na tabaka kama kitunguu, jeupe, angavu, jeupe tena. Palipoganda haraka hewa hunaswa na barafu huwa nyeupe. Palipoganda polepole huwa angavu kama kioo.

"Hili mlilileta ninyi?" akauliza.

"Hapana, mzee. Tulikuwa tunajaribu kulipunguza." Kisha, sijui kwa nini, nikamweleza habari ya plagi.

Akafikiri. "Kulia kuliwaka?"

"Kuliwaka."

"Basi ndiyo maana. Jirani yangu nusu ya shamba lake imesalia."

Nikamweleza kwamba moshi wa mabawa yote mawili huingia wingu moja, huvurugwa na upepo, na wingu lenyewe linatembea. Hakuna bawa lenye shamba lake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, huku jiwe likichuruzika mezani. Kisha akataka kujua, tulipokuwa tukigeuka, bawa la kushoto lilikuwa linaelekea wapi.