Na Hili Jipya Mwambie Pia

Somo: Zaburi 38:5–11

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tuisome Zaburi ya 38 taratibu. Ukifika mstari wa 5 mpaka wa 10 utamkuta Daudi anafanya jambo ambalo wengi wetu tunaona haya kulifanya tukiwa magotini: anataja dalili. Vidonda vinanuka, mgongo umeinama, viuno vinaungua, moyo unapwitapwita, nguvu zimemwacha, nuru ya macho imemtoka. Anazitaja moja moja kama mtu aliyeketi mbele ya daktari, na zaburi inakwisha bila ugonjwa wenyewe kupewa jina.

Naipenda zaburi hii kwa sababu nina fibromialjia. Kwa mliojiunga nasi karibuni: huu ni ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima yanayodumu miezi 3 na zaidi, uchovu usioondoka hata ukilala usiku kucha, na akili inayoingia ukungu mpaka unasahau umeingia jikoni kufuata nini. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya eksirei kinachouonyesha. Daktari anautambua kwa kukusikiliza, kukupima na kuondoa uwezekano wa magonjwa mengine. Wataalamu wanaeleza kwamba mfumo wa fahamu unakuza kila taarifa ya maumivu, kama spika za harusi zilizofunguliwa mpaka mwisho: wimbo ni uleule, lakini kuta zinatetemeka.

Ukishaishi nao muda mrefu unauzoea. Bega la asubuhi unalijua, magoti ya jioni unayajua. Shida ni pale linapozuka jambo jipya, ghafla, ambalo hulijui.

Msimu wa korosho uliopita nilikuwa nabangua barazani hapa Mtwara, mikono nimeipaka majivu ili mafuta ya ganda yasiniunguze. Nikaona korosho zinaniponyoka. Kidole gumba na viwili vinavyofuata vilikuwa vimekufa ganzi. Nikivibonyeza naona nyama inabonyea, lakini sisikii kitu.

Maneno hayakukawia. Shangazi mmoja wa hapo jirani akasema nimekanyaga kitu, nitafutiwe fundi. Dada mmoja wa maombi akasema ni roho ya udhaifu, imani yangu imepoa. Na la tatu lilitoka moyoni mwangu mwenyewe, nalo naliogopa kuliko yale mawili kwa sababu lilikuja na sura ya busara: "Ni fibromialjia tu hiyo. Nyamaza, watu wamekuchoka." Yote matatu yalikuwa na jibu kabla ya kuuliza swali hata moja.

Najua kuna atakayenikumbusha kwamba zaburi hii ni ya toba, mstari wa 3 unataja dhambi. Ni kweli. Lakini Daudi alitubu mwenyewe yale aliyoyajua; hakukisiwa na mtu. Wanafunzi walipotaka kukisia juu ya yule kipofu, kwamba ni yeye au wazazi wake waliotenda dhambi, Bwana aliwakatalia yote mawili (Yohana 9:3). Timotheo alikuwa na magonjwa ya mara kwa mara, na Paulo hakumwambia imani yake imepungua. Alimpa ushauri wa tumbo lake (1 Timotheo 5:23). Trofimo naye, mwenzake wa safari, Paulo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa, basi (2 Timotheo 4:20). Mtume mzima, na hakuona lazima ya kutoa maelezo.

Sisi wa Kusini tungepaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine. Mwaka 1952, huko juu kwenye uwanda wa Makonde, watu walishikwa na homa na maumivu ya viungo hata kushindwa kusimama wima. Damu za wagonjwa zilipochunguzwa ndipo virusi vya chikungunya vikajulikana, na leo dunia nzima inavitaja kwa jina lililotoka kwenye Kimakonde. Sasa, yule aliyekuwa amejikunja kwenye mkeka wake kabla maabara haijajibu, mnadhani alikuwa anajisingizia?

Mimi nilikwenda hospitali. Nikaambiwa ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono, kwa kazi ileile ya kukunja na kukunjua kutwa, nikapewa kifaa kigumu cha kufunga mkono wakati wa kulala. Haikuwa fibromialjia. Ningeinyamazia kwa kudhani ndiyo, huenda mkono ungeendelea kudhoofika.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeishi na maumivu, usilitupe kila jipya kwenye kapu la zamani. Andika kwenye daftari: limeanza lini, ghafla au polepole, upande mmoja au pande zote, lina homa au halina, kuna dawa mpya uliyoanza. Hayo mpelekee daktari, na hayohayo yaombee. Kuna mengine hayana cha daftari: kifua kubana na pumzi kukata, mdomo kupinda, mkono au mguu mmoja kulegea ghafla, maneno kukwama, jicho kuzima, mkojo kutoka bila habari. Hapo usisubiri mchungaji aje akuwekee mikono. Panda bajaji, mchungaji atakukuta hukohuko.

Na kwetu tulio wazima, au tulio wazima wiki hii. Mstari wa 11 unauma: rafiki na jamaa wa Daudi walisimama mbali na pigo lake. Nadhani wengi husimama mbali si kwa ubaya, ila hawana la kusema. Mtazameni Yesu katika Marko 5. Yuko njiani kwenda kwa Yairo ambaye binti yake yu katika kufa, umati unamsonga, na mwanamke aliyeugua miaka 12 na kumaliza mali yake kwa waganga anamgusa vazi. Amekwisha kupona. Bwana angeweza kuendelea na safari. Badala yake anasimama mpaka mwanamke yule amweleze kweli yote. Hebu pimeni kweli yote ya miaka 12 inachukua muda gani kusimuliwa, Yairo naye kasimama pale pembeni moyo juu. Ndipo akamwita Binti.

Wiki hii mtembelee mmoja. Usiende na dawa ya jirani yako wala ushuhuda wa mtu aliyepona kwa siku moja. Muulize, "Limeanza lini?" kisha ukae.

Tuombe. Bwana, kuugua kwetu hakukufichika kwako. Vidole vinanipa nafuu, nashukuru. Taya la kushoto limeanza kuuma tangu Alhamisi na sijui ni nini. Nakuambia na hili. Mkumbuke na yule ambaye leo majibu ya vipimo yametoka "kila kitu kiko sawa" na bado hajaweza kuinua ndoo. Mpe daktari mwenye masikio. Amina.