Waya kwenye kalamu

Juzi binti yangu katoka bafuni kanuna. Nywele tulizozipiga pasi saa nzima jana yake zimejikunja tena, na wala hakulowa sana. "Mama, kwani maji yamezifanya nini?" Nikafungua mdomo nimjibu, nikaishia kucheka peke yangu. Swali hilo hilo, likiwa na sura nyingine, lilishawahi kuniangusha.

Ulikuwa usiku wa kuamkia mtihani wa biolojia ya seli. Utando wa seli, mitokondria, hayo niliyapitia mbiombio. Kilichonikwamisha ni protini na ngazi zake nne za umbo. Nikiishika ya nne, ya kwanza imeshanitoka.

Saa nane usiku, mwenzangu wa chumbani akachomoa waya wangu wa chaja. "Huu ni mnyororo wa asidi amino, vile vipande vinavyojenga protini," akasema, akiunyoosha mezani. Ngazi ya kwanza ni mpangilio tu, nani anamfuata nani, kutoka aina 20. Akauzungusha kwenye kalamu, akaichomoa kalamu polepole, ikabaki springi: ngazi ya pili, heliksi ya alfa. Akaifinyanga ile springi kiganjani ikawa bonge: ngazi ya tatu. Ya nne ni mabonge kuungana, nasi tulihitaji manne, maana hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ina minyororo minne, na waya tulikuwa nazo mbili. Soksi zikajazia.

"Sasa kosea kimoja tu," akasema. Kwenye mnyororo wa beta wa hemoglobini, wenye asidi amino 146, ile ya sita ikiwa aina iitwayo valini badala ya ile iitwayo asidi ya glutamiki, unapata ugonjwa wa selimundu. Nilinyamaza kidogo hapo. Waya ulikuwa umechubuka karibu na kichwa, shaba inachungulia, na kila alipoachia kidole heliksi yetu ilijifungua. Ikabidi niishikilie mimi.

Asubuhi, swali la tatu: ni nini kinachoishikilia heliksi ya alfa? Nikauona waya. Nikaiona kalamu. Nikakiona kidole changu. Nikaandika: bondi za haidrojeni, ile mishikano dhaifu, kati ya minyororo ya pembeni, yaani vile vitawi vinavyochomoza kando ya kila asidi amino. Bondi ndizo, mahali sipo! Zinashikana kwenye uti wenyewe wa mnyororo, oksijeni ya asidi amino moja na haidrojeni iliyo kwenye naitrojeni ya ile ya nne mbele yake. Mtihani nilifaulu, ila alama nilizopata zimenitoka kabisa. Nakumbuka hizo nilizokosa. Na hadi leo sijaamua kama ule waya uliniokoa au uliniponza.

Basi nikamweleza binti. Nywele ni protini iitwayo keratini, imejaa heliksi. Joto la pasi lilivunja bondi za haidrojeni, zikajifunga upya nywele zikiwa zimenyooka, maji yakazifungua. Bondi za salfa, ambazo ni imara zaidi, hazikuguswa, nazo ndizo zilizorudisha mikunjo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa.

"Kwa hiyo ile saa nzima ya jana ilikuwa ya bure?"