Masikio yote mawili yanawaka, ndewe imepoa

Ushauri kuhusu sikio lililovimba ni ule ule kila siku: hayo ni maambukizi, mpe antibayotiki, zikigoma badilisha. Unaniudhi mpaka leo, maana mama mmoja wa Sikonge alizungushwa hivyo kabla ya kutufikia hapa Tabora, na jibu lilikuwa waziwazi masikioni mwake: polikondraitisi inayojirudia, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia gegedu.

Anza na ndewe, kinyama laini kinachotobolewa hereni. Hakina gegedu, ile tishu ngumu inayokunjika inayolipa sikio umbo. Polikondraitisi inayojirudia hushambulia gegedu, kwa hiyo sikio la juu huvimba, huwa la moto na ukiligusa mgonjwa anaruka, lakini ndewe inabaki salama. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Papasa kwa vidole viwili kutoka juu kushuka, utahisi joto na ugumu vinapokatikia. Maambukizi ya ngozi hayana mpaka huo, humeza na ndewe. Ukoma, ambao huku lazima tuufikirie, hunenepesha ndewe yenyewe, mara nyingi bila maumivu. Usaha wa gegedu baada ya jeraha au kutoboa juu ya sikio nao huiacha ndewe, ila kwa kawaida hushika upande mmoja. Kwa mama huyu yalikuwa yote mawili.

Vigezo vya McAdam vya 1976 vya kuutambua ugonjwa huu vinataka dalili tatu kati ya sita: masikio yote mawili, pua, macho, viungo, njia ya hewa, na kusikia au kizunguzungu. Yeye alikuwa na masikio, jicho jekundu lenye maumivu, na viungo vilivyovimba huku eksirei ikiwa safi na kipimo cha baridi yabisi kikiwa hasi. Zinatosha. Nilishinikizwa nikate kipande cha sikio nikakataa. Damu haithibitishi ugonjwa huu. ESR na CRP, vipimo vya damu vya kuonyesha uvimbe mwilini, hupanda tu.

Sauti ilikuwa imeanza kukwaruza, na zoloto, kisanduku cha sauti kooni, likiuma nikilibonyeza. Hapo ndipo pa hatari. Kwenye fomu ya CT scan niliandika kwa herufi kubwa: apigwe akivuta pumzi NA akiitoa. Gegedu la njia ya hewa likilegea, njia hiyo hubonyea mtu anapotoa pumzi. Picha ya kuvuta peke yake inaweza kuonekana nzuri kabisa.

Kaswende na kifua kikuu vipimwe kabla ya prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe na kinga. Na akihitaji upasuaji wowote, mtaalamu wa usingizi aambiwe mapema, kwa sababu mpira wa kupumulia unaweza kuivimbisha njia ya hewa ikaziba.